Mastaa wa 'Dayati' Waache Kutisha Watu, Afya Ipo Gengeni kwa Jero

Kila mwenye simu mjini anamjua. Jina kapuni, maana wako wengi na wanafanana kama pacha. Asubuhi anaposti sahani: parachichi limekatwa likawa ua, mkate wa kahawia umemwagiwa mbegu, pembeni glasi ya juisi ya kijani na pakiti ya maziwa ya lozi iliyogeuzwa vizuri ili jina la kampuni lisomeke. Chini anaandika kwamba anayekula ugali usiku hajipendi. Wafuasi wanamwaga makopa.

Mdada wa Mbagala anayelipwa laki mbili na nusu kwa mwezi anaisoma hiyo posti akiwa amesimama kwenye daladala. Ana watoto wawili, mume, na mdogo wake anayesoma chuo. Daktari ameshamwambia presha yake haijakaa vizuri, kwa hiyo somo linamhusu kweli. Mshahara ukitoka anaingia supamaketi, anachukua mbegu za chia, shayiri ya pakiti, maziwa ya lozi na asali. Akifika kaunta anaona tarakimu, anarudisha nusu. Kile alichofanikiwa kununua kinaliwa siku nne, watoto wanakikataa, mume anauliza chakula kiko wapi. Wiki ya pili familia iko kwa muuza chipsi, na yeye ameshahitimisha: kula kiafya ni mambo ya wenye hela.

Huo ndio uharibifu wanaofanya hawa mastaa. Kula parachichi hakuna kosa, tena ni tunda zuri na Bongo linalimwa kwa wingi. Kosa lao ni kumfanya mtu mwenye kipato cha kawaida aamini kwamba afya ina geti, na ufunguo wa geti uko Masaki.

WANACHOUZA NI HOFU

Anayefuatilia hizo kurasa kwa mwezi mzima ataona mchezo ulivyo. Wiki ya kwanza staa anaeleza jinsi mwili ulivyojaa "sumu". Wiki ya pili anaonyesha tumbo lake lilivyopungua. Wiki ya tatu namba ya kuagizia inatokea: chai ya kupunguza kitambi, juisi ya kusafisha mwili, chupa sita kwa bei ya gunia la mkaa. Mikoani inatumwa kwa basi.

Mwili wa binadamu una ini na figo, na hiyo ndiyo kazi yake usiku na mchana. Hakuna chupa inayokuja kufanya usafi ambao ini limeshindwa. Nyingi ya chai hizo zinaharisha tu. Anayeharisha siku tatu lazima mzani ushuke, kwa sababu maji yametoka. Akinywa maji na kula, uzito unarudi, na anaagiza tena. Biashara inaenda mbele.

Halafu kuna siri nyingine isiyopostiwa. Jikoni kwa mastaa wengi hao anapika dada wa kazi. Yeye ndiye anayejua mafuta yamewekwa vijiko vingapi na chumvi kiasi gani. Staa anaingia jikoni kamera ikiwa tayari, anakoroga mara mbili, anatoka. Mtu asiyejua nyanya sado inauzwaje wiki hii hana cha kumfundisha mama anayelisha watu watano kwa elfu kumi kwa siku.

ULEZI HAUNA MENEJA

Chukua hizo nafaka zinazosifiwa. Quinoa imetoka milima ya Andes, Amerika Kusini, huko ni chakula cha wakulima wa kawaida kabisa. Umoja wa Mataifa ukaupa mwaka 2013 jina la mwaka wa quinoa, dunia ikaichangamkia, bei ikapanda, na ikafika rafu za Dar ikiwa imevaa suti. Lakini Umoja huohuo ukautangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa mtama, uwele na ulezi. Ni mastaa wangapi wa dayati walioposti bakuli la uji wa ulezi mwaka ule? Wengi walikuwa bize na shayiri ya pakiti, ilhali ulezi unalimwa hapahapa, una nyuzinyuzi, una madini ya chuma, na umejaa kalsiamu kuliko nafaka nyingi tu. Kinachokosekana ni meneja wa kuutafutia kiki.

Chia nazo zinasifiwa kwa mafuta mazuri ya omega-3. Sawa, ni kweli wanayo. Ila omega-3 ya kwenye mbegu mwili lazima uigeuze kwanza ndipo uitumie vizuri, na unaigeuza kwa kiasi kidogo. Ya kwenye samaki inakuja ikiwa tayari. Kwa hiyo dagaa, wale wanaoitwa kauzu na kufanyiwa utani kila siku, wanampiga bao mbegu ya pakiti. Na kwa kuwa dagaa analiwa mzima mzima na mifupa yake, mlaji anapata kalsiamu bila kununua kidonge. Mwenye uwezo anunue wa Kigoma, asiye na uwezo anunue wa Mwanza, awachambue vizuri, awaoshe kwa maji ya moto kutoa mchanga, kazi imekwisha.

Mchicha, tembele, mnafu, majani ya maboga, kisamvu: fungu la jero au buku kutegemea na mtaa. Maharage, choroko, kunde, njugu mawe. Viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Papai, embe la msimu, chungwa, ndizi. Hiyo ndiyo orodha ambayo mtaalamu wa lishe yeyote anayesema ukweli ataitoa. Inapatikana gengeni, na mama wa genge hana ukurasa wenye tiki ya bluu.

KINACHOPOTEA NI WATOTO

Haya yangekuwa ya umbea tu kama hakuna anayeumia. Yupo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana upungufu wa damu. Na jambo la kushangaza ni kwamba mikoa inayoongoza kwa udumavu ni ile inayosifika kwa mazao: Iringa, Njombe, Rukwa. Chakula kipo, magunia yapo. Kinachokosekana ni mchanganyiko kwenye sahani. Mtoto anashibishwa ugali na mchuzi, tumbo limejaa, mwili una njaa.

Mjini hali ina sura yake. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto mwenye damu pungufu, mama mwenye presha na baba mwenye sukari, wote wakila sufuria moja. Sahani ni mlima wa wali mweupe, mafuta yanaelea, mboga ni mapambo. Pembeni soda. Kopo moja la soda la mililita 330 linabeba takribani gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Maana yake mtoto wa darasa la pili aliyenyweshwa kopo moja ameshapita kiwango kizuri cha mtu mzima kabla hajanywa chai ya jioni.

Hapo ndipo yanapochefua yale maboksi ya chakula cha shule yanayopostiwa na kundi la pili la mastaa, wale wa "mwanangu hanyimwi kitu". Juisi ya pakiti, krispi, keki, soseji mbili za kukaanga. Komenti zinasema "mtoto anadeka jamani". Mzazi wa Tandika anaona, naye anajikamua ampe mwanawe krispi ili asichekwe. Kiazi kitamu, yai la kuchemsha na chungwa vinaonekana aibu. Mtoto anajifunza mapema kwamba chakula cha nyumbani ni dalili ya kukosa.

HESABU ISIYODANGANYA

Wanaosema chipsi ni nafuu wakae chini na kalamu. Bei zinabadilika kila wiki na kila mtaa, kila mtu aweke za kwake, lakini kwa bei za kawaida za uswahilini hesabu inakaa hivi.

Familia ya watu wanne ikinunua chipsi mayai sahani nne za elfu tatu, hiyo ni 12,000. Soda nne za 800 ni 3,200. Jumla 15,200, na saa nne usiku kuna mtu ana njaa tena.

Familia hiyohiyo ikipika: maharage nusu kilo 1,700, unga wa dona kilo moja 1,800, mchicha mafungu mawili 1,000, nyanya na vitunguu 1,000, nazi 1,200, papai 1,500, mkaa 1,000. Jumla 9,200. Zimebaki 6,000, na maharage ya kesho asubuhi yapo. Hiyo elfu sita ikiokolewa mara mbili kwa wiki inakuwa 48,000 kwa wiki nne. Kwa mwenye mshahara wa laki mbili na nusu, huo ni karibu mkate wa mwezi mzima na vocha juu.

Anayejibana zaidi anaungana na majirani. Wanawake wa upangaji mmoja ambao tayari wanacheza mchezo wa kupeana hela hawashindwi kuchangishana nauli ya mtu mmoja aende Ilala kuchukua nyanya na mboga, Tandale kuchukua nafaka, Mabibo kuchukua ndizi, au Feri asubuhi kuchukua vibua, wakagawana. Wenye mama lishe wanafanya hivyo miaka yote. Ndiyo maana sahani yao ya ugali, maharage, mboga na kipande cha samaki inauzwa kwa bei ndogo kuliko chipsi mayai na bado faida inapatikana.

WANAOANZA WAANZE PADOGO

Kosa kubwa la wanaofuata mastaa ni kubadilisha kila kitu Jumatatu moja. Familia haibadilishwi kwa amri. Inabadilishwa sufuria kwa sufuria.

Cha kwanza ni sahani yenyewe. Nusu yake iwe mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, yai au nyama. Hakuna kilichonunuliwa kipya, vipimo tu vimehama. Mlima wa ugali ukipungua, unga nao unadumu zaidi.

Cha pili ni mafuta. Anayemimina kutoka kwenye dumu hajui anachoweka, anayepima kwa kijiko anajua. Vijiko vitatu vya chakula vinatosha sufuria ya mboga ya watu wanne, na nazi ikiwepo vinapungua. Mafuta yaliyokaangia mara tatu mpaka yakawa meusi yamwagwe, hata kama yanauma moyo.

Cha tatu ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile iliyomo kwenye vile vichemraba vya kuongeza ladha. Mpishi anayetia vichemraba viwili halafu akatia chumvi ametia chumvi mara mbili. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili na giligilani vinafanya kazi hiyo bila kupandisha presha ya mtu.

Cha nne ni maharage. Yalowekwe usiku, maji yamwagwe asubuhi, yachemshwe kwa maji mapya. Yanaiva haraka, mkaa unapungua, na tumbo halilalamiki sana. Yakichemshwa kilo nzima Jumapili na kugawanywa kwenye vikopo vya friji, jioni ya Jumanne ni kuunga tu.

Cha tano ni mboga za majani. Zioshwe kabla ya kukatwa, ziingie jikoni mwishoni, dakika chache, zitoke zikiwa bado kijani. Kuzichemsha mpaka ziwe kama uji na kumwaga maji yake ni kumwaga vitamini. Kisamvu peke yake ndicho kinachotaka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Ndimu au chungwa wakati wa kula vinausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai ya rangi inayoshushiwa juu ya chakula inafanya kinyume, bora isubiri saa moja.

Na uji wa mtoto. Kuna mashindano ya kuchanganya vitu kumi na mbili kwenye mfuko mmoja wa unga na kuuita lishe. Soya isiyokaangwa ikaiva inamsumbua mtoto tumboni, dagaa waliosagwa na unga wanauharibu haraka. Nafaka moja au mbili, karanga kidogo, na siku ileile ndizi, yai na mboga pembeni vinamjenga mtoto kuliko mfuko wa maajabu.

BABA NAYE ASIJIFICHE

Lawama zikiishia kwa mastaa wa kike itakuwa uonevu. Yupo baba mmoja, naye jina kapuni, na kila baa inamjua. Ijumaa anaagiza kilo ya nyama choma na wenzake, bia juu, muziki unapigwa. Nyumbani ameacha elfu tano ya matumizi. Akirudi akikuta maharage na mchicha anasukuma sahani: "Mimi ni mwanaume, siwezi kula majani." Kesho yake mkewe anatafuta nyama kwa nguvu, kipande kikubwa anapewa yeye, watoto wanachovya mchuzi.

Mtoto wa miaka miwili anayejenga ubongo wake ndiye anayehitaji hicho kipande kwanza. Akipata vipande viwili vya maini kwa wiki, yai siku mbili tatu, dagaa siku nyingine, hospitali itamsahau. Baba mwenye kitambi na presha ndiye anayepaswa kusogezewa mchicha. Nyumba nyingi mjini zimepanga sahani kichwa chini miguu juu, na hakuna staa anayeposti hilo kwa sababu halileti matangazo.

NI KWELI KUNA UGUMU

Wapo watakaosema maneno haya ni rahisi kwa mwenye muda. Wana hoja. Mtu anayetoka Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hana saa tatu za kusimamia maharage. Mkaa na gesi vinauma. Chumba kimoja cha kupanga hakina friji. Ni kweli pia dona ina bora wake na tahadhari yake: inabaki na kiini na pumba zenye nyuzinyuzi na vitamini ambavyo sembe imevipoteza mashineni, lakini mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu au yaliyobadilika rangi hayasagwi hata kama ni ya bure, na unga ununuliwe kidogo kidogo, ukaliwa ukaisha.

Lakini ugumu huo ndio sababu ya kutaka ushauri wa kweli. Mtu asiye na friji anahitaji kuambiwa kwamba choroko zinaiva haraka kuliko maharage, kwamba dagaa wakavu hawahitaji barafu, kwamba mayai yanakaa mezani siku kadhaa, kwamba mwanaume mwenye mikono miwili anaweza kuchambua mboga huku mkewe anawasha jiko. Kumwambia anunue mashine ya kusagia juisi ni kumtukana kwa lugha tamu.

POSTINI KAUZU BASI

Mastaa wana nguvu hiyo. Wakivaa viatu fulani, vinaisha Kariakoo. Wakicheza staili fulani, shule nzima inacheza. Siku staa mwenye wafuasi milioni akiposti ugali wa dona, dagaa wa nazi, mnafu na kipande cha papai, akataja bei ya kila kitu bila kuona haya, watoto wengi watapeleka kiazi kitamu shuleni bila kuchekwa. Haitamgharimu hata bando la siku.

Wakishindwa hilo, basi wauze viatu na wigi zao, sufuria za watu waziache. Na mdada wa Mbagala asirudi tena kaunta ya supamaketi na aibu mkononi. Presha yake inaweza kuanza kushughulikiwa leo jioni, gengeni kwa jirani, kabla giza halijaingia na mchicha haujaisha.

Komenti ziko wazi. Kwako jioni hii kunapikwa nini, watu wangapi, na kimegharimu shilingi ngapi? Tupia bei na mtaa, kuna mtu atapata menyu ya kesho.